Tuta la Minza

Mpendwa mwanangu Minza,

Marahaba. Naitikia shikamoo yako ya Ijumaa ile, uliyonipa langoni nami nikapita mbio, mikono imejaa vishikwambi. Sikujua ulikuwa unaniaga.

Unakumbuka vilipofika? Kimoja kwa wanafunzi wanne. Mkakiweka katikati ya dawati, mkakizunguka kama sufuria ya ugali ambao haujaiva. Shija akakinyakua, akaandika kazi yote peke yake, nanyi watatu mkabaki kumsifu. Niligomba mpaka sauti ikakauka. Ndipo uliponyoosha mkono: "Mwalimu, kwetu tukilima pamoja, aliyemaliza tuta lake haendi nyumbani. Anageuka kumsaidia wa nyuma."

Darasa lilicheka, mimi sikucheka. Nikakipanga kishikwambi hivyo hivyo: kila mmoja na sehemu yake ya kuandika, na kazi haitumwi mpaka wote wanne, kila mtu kwa namba yake ya siri, wabonyeze "Nimemaliza". Zile sehemu mkaziita matuta, na jina likashika shule nzima.

Na lile lambo letu! Mlikuwa mnawaeleza wanafunzi wa shule moja ya Geita, kwa mtandao, jinsi maji yanavyokauka. Wewe ukaandika: "Masika maji yalimfika ng'ombe tumboni. Sasa yanalowesha kwato tu." Wakauliza: "Ng'ombe mkubwa au ndama?" Mliangua kicheko, kisha mkagundua kuwa mlikuwa mmepima kwa ng'ombe wawili tofauti. Ikabidi mrudi lamboni na ng'ombe mmoja wa babu yako, naye akagoma kuingia majini. Nilifurahi siku ile, mwanangu. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Kisha pamba ya mama yako ikakauka, na mahindi nayo. Nasikia mko Geita, mnawapikia wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Geita ileile! Niliwaomba wale wanafunzi wakuulizie. Wakaandika: "Mwalimu, maduara ni mengi, na watu wanahama kila dhahabu inapohamia." Simu ya mama yako haipatikani. Nikamfuata mtendaji wa kijiji. Akakuna kichwa, akasema, "Wamefuata ugali, mwalimu. Nikiwarudisha, nitawapa nini?" Nikarudi zangu shuleni. Najua kufundisha, Minza. Kuleta mvua sijui.

Wenzako walimaliza matuta yao, wakageuka kukulimia lako. Walibishana kuhusu kwato, wakayaacha maneno yako kama ulivyoyaandika, wakaongeza yaliyobaki. Lakini kubonyeza kulikuwa kwako, na namba yako ya siri uliondoka nayo kichwani. Kazi ikakwama. "Tumngoje," akasema Shija, yule yule mnyakuzi. Tukangoja mpaka shule zikawa zinakaribia kufungwa, na wale wa Geita wakawa wanaiulizia kila siku.

Jana nililigusa jina lako, nikabonyeza "Ondoa". Kishikwambi kikauliza kama nina uhakika. Kilitaka ndiyo au hapana, na mimi sikuwa na lolote kati ya hayo. Nikabonyeza ndiyo.

Shambani tuta lililoachwa huota magugu, na kila apitaye huuliza ni la nani. Hapa halikubaki hata pengo. Maneno yako yaliondoka pamoja na jina, na matuta matatu yakasogeleana yakajaza kioo. Papo hapo kazi ikatumwa. Nimeumia, mwanangu, na sijui nimlaumu nani.

Nikawaambia wenzako, "Haya, mmemaliza. Nendeni nyumbani." Kengele ilikuwa imeshalia, uwanja mtupu. Wakanitazama, wakakitazama kishikwambi, na hakuna aliyeinuka.

Ukipata simu ya kuazima, niamkie tena. Safari hii nitasimama.

Mimi,
Mwalimu wako