Nilisema Mke Wangu ni Mpita Njia

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwanza kwa mwandiko wangu mbaya, na niwie radhi tena kwa urefu wa barua, kwani masista waliotusomesha katika shule ya misheni walituasa kwamba mtu asiyeweza kusema haja yake katika ukurasa mmoja bado hajaijua haja yake, nami kwa bahati mbaya naijua vizuri mno, ila nimeshindwa kuifupisha. Naomba msaada wako, kwa sababu nimemkana mke wangu, naye hayupo tena wa kunisamehe.

Mimi na marehemu mke wangu, Vernelle, tulikuwa na desturi yetu. Kila Jumapili baada ya ibada, kabla hatujavua nguo za kanisani, tulizunguka mji huu wa Savannah kwa miguu, mimi na kamera yangu ya filamu shingoni, nikipiga picha mambo ambayo watu huyapita bila kuyatazama, muuza karanga za kuchemsha na sufuria lake, mashuka yaliyoanikwa barazani, wazee wanaotega kaa kando ya mto, na vilevile majengo ya kale ambayo wageni husafiri kuja kuyaona, makanisa, jumba la jiji na kuba lake la dhahabu, nyumba za matofali zinazozunguka viwanja vyenye mialoni. Na kwa kuwa jengo lisilo na mtu mbele yake halionyeshi ukubwa wake, nilimwomba Vernelle awe anasimama pale, naye akakubali kwa sharti kwamba mahali pa kusimama atachagua mwenyewe.

Siku zote alichagua mlango wa mbele. Mlango wa jumba la sinema, ambako utotoni sisi weusi tulipandia ngazi za uchochoroni, kwani mbele palikuwa pa wazungu peke yao. Mlango wa duka la nguo ambako mama yake hakuruhusiwa kujaribu kofia kabla ya kuinunua. Mlango wa maktaba. Alisimama miguu pamoja, mkoba mkononi, kofia yake kichwani. Nikimwambia, “Mke wangu, sogea kidogo kando, jua linakupiga usoni,” hunijibu, “Wewe piga tu. Kando nimeshakaa vya kutosha.” Kisha huongeza, “Na ufanye upesi, viatu vinaniua.”

Alifariki majira ya baridi yaliyopita. Nilipolitoa boksi la picha zetu chini ya kitanda ili nipate wa kuzungumza naye, mtu mmoja wa kanisani alizisifu kwa chama kimoja kinachotunza habari za majengo ya mji, nacho kikaniita, kwani baadhi ya majengo yale yameshabomolewa na picha zangu ndizo zilizobaki na milango yake. Wanataka kuzitia katika kalenda. Nilipokelewa na bibi mmoja wa Kizungu, muungwana, ambaye jina lake sitalitaja, akanipa kiti na chai baridi, akazitazama picha, ambazo walikwisha kuzinakili kwenye kompyuta yake, mbele ya wenzake wawili.

“Mzee wangu, hizi ni hazina, kweli tena!” akasema. “Ila mbona kila nikitazama naona mama mwenye kofia? Ni wapita njia tu hao, siyo?”

Nikasema, “Ndiyo, bibi.”

“Basi usijali, tutawaondoa. Watu wakinunua kalenda wanataka kuliona jengo.”

Mshauri, wewe ni wa hapa na utanielewa: mwanamume wa umri wangu alilelewa kwamba bibi wa namna ile akikuuliza swali ambalo jibu lake ameshakutilia mdomoni, unasema ndiyo, bibi, ukiwa umeishika kofia yako mkononi. Baba yangu alinifundisha hivyo ili nikue. Tena sikutaka kumfedhehesha mbele ya wenzake kwa kuanza kueleza habari za milango. Akabonyeza hapa na pale, na mahali alipokuwa Vernelle pakaota matofali, matofali ambayo hayajapata kuwapo duniani, akanigeuzia kioo nitazame, na lililo baya kuliko yote ni kwamba kwa muda wa kufumba na kufumbua niliiona picha ile ni nzuri, nikasema, “Asante, bibi, imependeza.”

Binti yetu Clarice nilipomsimulia aliweka kijiko chini. “Mpita njia? Baba! Mama huyu huyu aliyekuwa akikusubiri juani mpaka wingu lako lipite?” Akachukua funguo zake akaondoka, na tangu siku hiyo nikimpigia simu haipokei. Kwa kinyozi wangu Lucius nilitafuta faraja, naye akanitangazia dukani kote: “Jamani, huyu bwana hata mwizi akimvunjia mlango, atamwomba radhi kwa kuwa aliufunga!” Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao kwa adabu, kisha nikalia njiani kurudi nyumbani.

Alhamisi natakiwa kwenda kutia sahihi mkataba wa kalenda. Nikilirudisha neno langu, nitakuwa mwongo mbele ya watu walionikirimu, na huenda wakanirudishia boksi langu, picha zikaozea chini ya kitanda na milango ile ikakosa shahidi. Nikitia sahihi, Vernelle atakuwa amefutwa kwa mkono wangu. Nakuomba radhi kwa mara nyingine, na nakuomba uniambie nifanye nini.

Ni mimi,
Mgane wa mtaa wa Cuyler

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole. Pole sana kwa kufiwa na Bi Vernelle. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na wali wangu mwekundu wa nyanya umeungua mpaka majirani wameuliza kulikoni. Sasa niruhusu nikugombeze.

Baba yako alikuwa na haki. Enzi zake jibu moja baya liliweza kumtoa mtu roho, na “ndiyo, bibi” ndiyo iliyokufikisha uzeeni. Lakini ofisini humo nani alikushikia fimbo? Mbele yako alikuwepo mwanamke asiyejua, akauliza, na mwenye kujua ulikuwa wewe peke yako. Ulimnyima jibu, ukaita adabu. Bibi huyo hajakataa chochote. Hajaambiwa! Umemhurumia asione haya kidogo mbele ya watu wawili, ukamtoa mkeo alipie.

Nami ngazi zile za uchochoroni nilizipanda. Zilikuwa zinanuka mkojo, na bibi yangu alikuwa akinifunika pua kwa leso. Kwa hiyo usiniambie Bi Vernelle alisimama pale kuonyesha ukubwa wa jengo. Hilo lilikuwa lengo lako. Yeye alikuwa na lake, na alikuambia waziwazi, Jumapili baada ya Jumapili. Mlango ule bila yeye ni mbao na bawaba. Kama kuna aliyestahili kuitwa shahidi wa milango hiyo, ni yeye.

Kuhusu kuiona picha ile nzuri, acha kujitesa. Jicho la mpiga picha hupenda ukuta usio na doa. Moyo haukuipenda, la sivyo ungekuwa umelala usingizi badala ya kuniandikia.

Usingoje Alhamisi. Nenda kesho asubuhi. Usiwaandikie, maana barua zako, nisamehe, zina radhi nyingi kuliko habari. Nenda kwanza nyumbani kwa Clarice, ugonge, useme, “Twende ukasikie nikimtaja mama yako.” Atafungua, huyo ni binti wa mama yake. Huko ofisini akae karibu nawe, lakini mdomo uwe wako. Sema hivi: “Bibi, nilikuambia uongo. Huyu si mpita njia. Anaitwa Vernelle, ni mke wangu, na nitakueleza kwa nini yuko mlangoni.” Umweleze yote, pamoja na kofia ya mama mkwe wako. Akiona haya, mwache aone, haya haijaua mtu. Ukimaliza, nyamaza. Usiuzibe ukimya kwa asante.

Akikubali, picha zitoke na mkeo ndani, na chini ya kila picha liandikwe jina lake lote. Akikataa, beba boksi lako uende. Neno lililosimama juu ya uongo halikufungi, na masista wako, kama walikuwa masista, walikufundisha hilo pia. Ukumbi wa kanisa lenu una kuta, na huyo Lucius mwenye maneno mengi atoe matangazo ya zamani kwenye kuta za duka lake apishe picha. Huko zitatazamwa na watu waliopanda ngazi zile, na wajukuu wao watauliza.

Na bibi yule mwombe radhi mara moja tu, mzee wangu, mara moja, kisha simama uvae kofia yako. Radhi zote zilizobaki wazijua ni za nani. Mpelekee kaburini, kaa naye kitako, na usiwe na haraka ya kuondoka.