Kabla Hujamgusa Kaz

Cheektowaga, New York
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Roman,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Renata. Natumaini umeshuka chomboni na vidole vyako vyote kumi, na kwamba baridi ya bahari ya huko haijakurudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Je, mguu uliobanwa na tenga la kaa umepona? Mimi mwili wangu hauna tatizo, habari ya mkono wa Renata utaikuta mbele, tunakula, ingawa kulala ni kwa kubahatisha.

Najua huna hamu ya salamu. Nakuona umesimama hapo posta ya Dutch Harbor, begi begani, tiketi ya ndege mfukoni. Ulipopiga kwa simu ya chombo ulisema sentensi moja tu, kwamba ukifika nchi kavu unamuua mdogo wetu Kaz, kisha laini ikakatika. Nami nisingeweza kukujibu kwa simu hata kama ingerudi. Kwa hiyo tafuta pa kukaa, mdogo wangu, usome mpaka mwisho kabla hujapanda ndege.

Kwanza mwanao. Damian yuko hai, anaongea, na anagombana na manesi kuhusu chakula. Pingili mbili za mgongo zimevunjika. Walimpasua Jumatatu kwa saa sita wakazikaza kwa skrubu. Mguu wa kushoto anausikia. Wa kulia bado. Daktari hasemi kwamba atatembea na hasemi kwamba hatatembea. Mkeo Maureen amehamia kwenye kiti kilicho kando ya kitanda, na nikiingia anageukia dirishani.

Mkeo alikuambia aliyoyasikia, maana hakuwepo. Mimi nilikuwepo, hatua tatu kutoka pale, na nitakueleza yalivyokuwa bila kumpendelea mtu.

Wiki ile mji wote ulikuwa umeshikwa na wazimu wa futiboli yetu ya Kimarekani. Mpokeaji wetu mkuu, mdakaji wa mipira mirefu, alikuwa amekatika kano ya goti, mrushaji wetu anarusha mipira mizuri inayoangukia nyasi, na dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa Jumanne. Kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni. Kwa kinyozi waligombana mpaka mmoja akatoka na nusu ya nywele. Nyumbani kwetu Renata aliweka sheria kwamba atakayetaja mpokeaji mezani anakula nje.

Damian alikuwa mtu wa Averitt, yule kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye mbio za kutisha. Kaz alikuwa mtu wa Lonnie Mabry: miaka thelathini na nne, magoti yote mawili yamepasuliwa, ila mpira ukimgusa vidole umefika. Wiki nzima walitumiana ujumbe wa kutukanana, baba mdogo na mtoto wa ndugu yake. Mimi nilicheka kila nilipousoma.

Jumapili iliyopita saa nne asubuhi tulikuwa pale pale tunapoegesha siku zote kula na kunywa kabla ya mechi, ua wa Bi. Halina, karibu na uwanja. Jamaa kumi na nne, pikapu tatu, kuku, soseji, bia. Walipoanza kupandishiana sauti tukaitisha kura, kama desturi uliyotuachia wewe mwenyewe: anayeshindwa kwa kura anapanda nyuma ya pikapu na kujirusha juu ya meza ya plastiki mpaka ivunjike. Mabry alipata kura tano, Averitt tisa. Kaz hakubisha. Alipanda, akaruka, meza ikakatika katikati, akainuka na tope mpaka masikioni, tukampigia makofi. Ilipaswa kuishia hapo.

Roman, mwanao ana mdomo. Nakuambia kwa mapenzi, na unajua aliurithi wapi. Ameshinda kura, badala ya kunywa bia yake akaendelea kumfuata mwenzake.

"Bamdogo, huyo Mabry ameisha," alisema. "Mikono anayo, miguu hana. Kumsajili ni kumwonea huruma tu."

"Averitt wako kaangusha mipira tisa msimu huu," Kaz akamjibu. "Kama shida yako ni mbio, kanunue farasi."

Watu wakacheka, na kicheko kikamuuma Damian. Ndipo akasema lile neno.

"Unampenda kwa sababu mnafanana. Hakuna anayewataka tena. Kazini wamekuona, mamdogo naye kakuona."

Hukuwepo Agosti, kwa hiyo hukumwona Kaz siku mkewe Denise alipobeba masanduku, wiki mbili tu baada ya ghala kumwachisha kazi. Mimi nilimwona. Neno lile lilimwingia, nikaona uso wake umekufa rangi.

Alimpiga ngumi moja ya mdomo. Damian akarudi nyuma, akatema damu, akashika koleo la kugeuzia nyama na kumchapa nalo Kaz usoni. Pua ikapasuka. Hapo ikawa si ugomvi tena, ikawa kuuana. Walibiringishana kwenye mkaa uliomwagika, wanang'atana, wanatiana vidole machoni, na kila waliposhikwa mmoja alichomoka. Mimi nilivutwa shati likachanika. Jirani wa pikapu ya pili alijaribu kuwatenganisha akapigwa kiwiko, meno mawili yakatoka. Kisha Kaz akafanikiwa kumnyanyua Damian juu kabisa, mabegani, damu inamtiririka puani, na watu wote wa ua ule wakaanza kuimba meza, meza, meza.

Unaijua sauti ile. Umeiimba miaka mingi. Kwetu mtu akipigizwa kwenye meza ugomvi umekwisha: plastiki inavunjika, wawili wanalala chali wanacheka, mtu analeta bia. Kaz hakuwa anataka kumvunja mtu mgongo. Alitaka iishe kwa namna tuliyoizoea, na meza ya kuvunja alikuwa ameshaivunja mwenyewe. Ilibaki ile ya kupikia, imefunikwa kitambaa cha timu.

Alimpigiza pale kwa nguvu zake zote. Meza haikuvunjika.

Sitakuelezea mlio. Damian hakupiga kelele. Alifungua mdomo na sauti haikutoka, na mikono yake ikawa inapapasa kitambaa. Kaz alibaki ameinama juu yake, anarudia jina lake.

Polisi walipofunua kitambaa walikuta chini ya ile meza vyuma vya pembe vinne, vimechomelewa vizuri, miguu nayo imekazwa kwa bomba. Mmoja akauliza meza ni ya nani. Kaz akaviangalia vile vyuma. Akaniangalia mimi. Kisha akasema, "Yangu. Nimechomelea mwenyewe."

Kaz hajui hata kuwasha mtungi wa gesi, Roman. Mchomeleaji katika familia hii ni mmoja.

Niliichomelea mwezi wa kumi, gereji kwangu, na sikumwambia hata Renata. Nilikuwa nimechoka kununua meza kila wiki mbili, hilo ni kweli, lakini si sababu yote. Nilitaka siku moja Kaz apande pikapu kwa mbwembwe zake, aruke, na meza imrudishe. Nilitaka aumie makalio mbele ya watu, nicheke mpaka nilie, na niwe na la kumwambia kila Krismasi. Huo ndio ulikuwa mzaha wangu. Asubuhi ile niliweka karai la mafuta juu yake mpaka kuku wakaiva, nikaliondoa, nikatandika kitambaa, na nikasahau habari ya mzaha.

Kwa sababu ya vyuma hivyo, mwendesha mashtaka anasema Kaz aliandaa silaha. Ugomvi wa ngumi ungempa miezi. Hili wanalolisema sasa linaweza kumpa miaka kumi. Rafiki za Damian nao wamempa adhabu yao: walikwenda kwake mchana kweupe na marungu ya besiboli, wakavunja vioo vyote vya pikapu na mlango wa nyumba, wakaandika ukutani neno nisiloweza kuliandika hapa. Renata, aliyekuwa amekwenda kumchukulia Kaz nguo, alipowazuia mmoja akamsukuma chini. Mkono wake umevimba mpaka kiwiko.

Jumatano nilikwenda kumwona mahabusu. Pua imeshonwa, jicho moja limefunga. Nilimwambia nitasema ukweli. Akaniinamia kwenye kioo.

"Mimi ndiye niliyemrusha, bro. Wewe una Renata. Mimi nina nini nje huko? Nyamaza."

Nami nikanyamaza. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilikula, nikafagia majani, nikapokea simu za watu wanaomlaani Kaz na nikasema ndiyo, ndiyo. Naona aibu kukuandikia hilo kuliko habari ya vyuma.

Damian hajui. Alipozinduka kabisa Jumatano baada ya kupasuliwa, swali lake la kwanza lilikuwa tumemchukua nani. Nikamwambia hatukumchukua Averitt wala Mabry. Jumanne jioni timu ilileta mchezaji wa ulinzi, ikasema wapokeaji waliopo wanatosha. Alicheka kidogo, ikamuuma, akaacha. Baadaye akauliza kama bamdogo anamchukia. Nimemwambia hapana, na hilo ndilo jambo moja la kweli nililosema wiki hii.

Kesho asubuhi naenda polisi na mashine yangu ya kuchomelea na risiti ya vyuma. Watanifanya watakavyo. Nimemwambia Renata jana usiku, akaenda kunipigia pasi shati. Nimetaka wewe ujue kwa mkono wangu, si kwa mdomo wa mtu.

Kama lazima ushuke ndege na ngumi, usipite kwa Kaz. Njoo kwangu. Sitajificha na sitainua mkono.

Lakini kuna jambo moja polisi hawataniuliza, kwa sababu hakuna anayelijua, na kama si wewe sina wa kumwambia. Kaz alipomnyanyua mwanao, mimi pia niliimba. Niliimba kwa sauti, kama wote. Na katikati ya kuimba nikaona ni meza ipi anayoielekea, nikakumbuka. Palikuwa na muda, Roman. Alipiga hatua mbili nzima. Ningeweza kusema hapana, neno dogo tu, na mdomo wangu ulikuwa wazi. Ukasema meza.

Renata anakusalimu, na anakuombea safari njema. Salamu zako nitamfikishia Bi. Halina, ambaye amefunga ua wake na kusema hataki kutuona tena. Damian nimembusu paji la uso kwa niaba yako, akiwa amelala. Mungu akufikishe salama, ailainishe mikono yako kabla hujatugusa, na autie uhai ule mguu wa kulia.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata kama kuanzia leo hutaki kuitwa ndugu yangu,

Norbert