Breki za Kaka Juma

Jumamosi, Mtoni

Kaka Juma kaja gereji kwangu na rimu ndogo za gari lake la spoti, maana tairi nyembamba za rimu kubwa zinapasuka kwenye mashimo ya barabarani. Nimefunga moja, nikaizungusha, ikakwaruza breki. Breki zenyewe kubwa mno kwa rimu hizo.

"Zichonge kidogo," kasema.

"Kaka, breki hazichongwi. Utakufa."

Akafoka mbele ya wateja. "Basi nalipeleka kwa fundi mwingine!"

Nikatia funguo za gari mfukoni, nikakataa kumpa. Kaondoka kwa bodaboda bila kuniaga.

Sasa hivi mama kapiga simu. "Umemfanyaje kaka yako? Kaja hapa hasemi na mtu."

Sijui nitamwangaliaje. Ila kesho narudishia rimu kubwa, anisemeshe asinisemeshe.