Kumwangalia Baba-mukwe

Riziki mujukuu wangu,

Huku Baraka tuko wazima. Bibi yako anakusalimia sana, mbuzi yake imezaa, na ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, ziko mingi wiki hii. Unaniuliza namna gani mutu muzima anangojea egzame, mutihani ya karate, bila kuwa roho juu. Mi sikujua. Nilikuwa natembea kando ya ziwa, naenda narudi, mpaka bavuvi bakaniuliza nimepoteza nini.

Nilianza karate nikiwa tayari na batoto. Mu klabu batu bazima tulikuwa wawili tu: mi na baba-mukwe, baba ya bibi yako. Mwalimu akatuweka tupigane pamoja kwa egzame. Na kwetu, unajua, mutu haangalie mukwe wake machoni. Basi kila mazoezi nilishusha macho, na ngumi yake ikanikuta kifuani.

"Hivyo utaanguka egzame," mwalimu akasema.

Siku moja mbele ya egzame, muzee akanifuata kule ziwani. Hakuwa na kawaida ya kuongea na mi.

"We unanipa heshima," akasema, akiangalia maji, "na mi naumiza bwana ya mutoto wangu. Kesho niangalie."

Mu egzame nikamwangalia machoni. Alikuwa na woga kunishinda! Mukanda ya manjano tukapata wote wawili. Kesho yake tukapitana njiani, kila mutu macho chini, lakini mabega yetu yalikuwa yanacheka.

Ukimaliza egzame yako, niambie mbio. Mi nimeanza kutembea kando ya ziwa tena.

Babu yako