Mafuta ya Magoti ya Mama

Baba Nakul,

Nimekwenda kwa dada. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi jioni.

Yale mafuta uliyokaangia vimkate vya puri asubuhi si ya kupikia. Ni ya ufuta, niliyachemsha na mizizi ya dawa jana kutwa, ya kumkanda mama yako magoti wakati huu wa baridi. Nawe ukacheka, "Basi leo tumejipaka kwa ndani!" Sikuwa hata na nguvu za kugomba.

Yaliyobaki yamo kwenye kichupa cha kahawia. Yapashe moto kidogo, umkande taratibu kabla hajaoga. Maji ya baridi asiguse. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa.

Na mafuta msiyamalize. Tangu Diwali napanda ngazi nimeshika ukuta, na humu ndani hakuna aliyeuliza.

Mama Nakul