Sifa za Gavana Sizitaki

Kaka Nyabuto,

Nakusalimu wewe na wifi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na mahindi ya Nyansiongo, mvua imeyahurumia? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka. Nataka uyasikie haya kwangu kabla hujaambiwa na wengine kwamba nimekataa bahati.

Katika wodi ninayouguza huku ng'ambo alilazwa mzee aliyevunjika nyonga. Wauguzi wenzangu walininong'oneza kwamba alikuwa gavana wa visiwa fulani, kisha balozi, na kwamba Malkia alimvika nishani. Aliposikia natoka Kisii, uso ulimng'aa. "Huko ndiko nilikoanzia kazi, nikiwa bado kijana," alisema. Tangu hapo ikawa "Lete maji" na "Upesi, upesi", Kiswahili cha kuitia mbwa. Nilivumilia. Mgonjwa ni mgonjwa, na tena aliahidi kuniombea nafasi ya kusomea ukunga. Neno lake huku hufungua milango.

Juzi walikuja rafiki zake wawili, nami nikiwa namlisha supu. Akawasimulia alivyopanda cheo. "Wale watu walikuwa wakaidi kulipa kodi," alisema. "Nikachukua ng'ombe wa ukoo mzima, kule karibu na Keumbu. Wazee wakanifuata njia nzima wakilia kama watoto. Mkubwa wangu akaona kweli naijua kazi."

Wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi.

Kaka, unakumbuka marehemu Baba alivyokwenda kupasua kuni kila alipoulizwa kwa nini alioa akiwa na mvi? Mama alitusimulia: ng'ombe wake wa mahari walikwenda siku ile ya Keumbu, na Babu alikuwa mmoja wa hao waliolia njiani. Nilirudisha kijiko kwenye bakuli.

Wageni walipoondoka nikamwambia, "Wale ng'ombe walikuwa na wenyewe, bwana. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa wenyewe hao."

Hakuona haya hata kidogo. "Bila sisi, wewe ungekuwa huko ukiwachunga," alisema. Kisha akafungua mdomo, akingojea kijiko.

Nilimlisha mpaka bakuli likaisha, maana ndiyo kazi niliyoapa kuifanya. Lakini nilipotoka nilinawa mikono mara mbili, na harufu ya ile supu haikuniondoka. Asubuhi nilimwambia sihitaji aniombee lolote. Msimamizi wetu aliposikia, akaniita mjinga. "Utangoja sana," alisema. Nikamjibu kwamba nitangoja.

Mweleze Mama taratibu. Najua amekwisha kuwatangazia akina mama wa kanisani kwamba nitarudi mkunga. Mwambie nitarudi mkunga, ila nitachelewa. Sitawapokea watoto wa kwetu kwa sifa nilizopewa na mtu yule.

Nisalimie shangazi yetu wa Nyanchwa, na yule jirani anayemkamulia Mama maziwa. Wifi mwambie kitambaa alichonishonea ndicho ninachojifunikia wakati huu wa baridi.

Ni mimi dada yako,
Kemunto