Mama, Ulinijibia

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mgongo umetulia. Mjukuu wako, huyo unayemwita mchumba, mashavu yamejaa.

Nimeandika kwa sababu kwa simu ningekata. Siku ile kliniki, nesi aliponiuliza kama huwa nalia bila sababu, wewe ulicheka. "Huyu? Mcheshi tangu utotoni!" Akauliza kama nina furaha. Ukamjibu huku umempakata mtoto, "Akose furaha na dume hili?" Mimi nikatazama viatu vyangu. Akaandika kuwa sina tatizo.

Mama, ninalo. Namnyonyesha, namwogesha, lakini simsikii moyoni. Akilia natamani nitoke nisirudi tena. Naona haya hata kuandika. Usimwambie baba.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila baba yako na kikohozi chake. Huo ni uchovu tu. Kula, na mtoto akilala nawe lala. Maneno hayo usiyatoe nje, watu watasema hatukukulea. Nibusie mchumba.

Mama yako

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Baba mtoto kanipigia, anasema huli, na mtoto akilia unaziba masikio. Barua yangu ile ichane. Nimeona aibu mpaka chakula hakishuki. Siku ile niliogopa watu wa foleni wasije wakatusikia, nikakuziba mdomo mwanangu mwenyewe.

Nakuja Jumatatu. Turudi kwa nesi yule. Utaingia peke yako, mimi nitabaki nje na mtoto.

Mama yako

27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Baba anaendeleaje na kikohozi?

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa. Nesi aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nikasema ndiyo. Nilidhani atanigombeza, kumbe alisogeza kiti karibu. Sasa namwona mshauri kila wiki, na dawa walizonipa haziniachishi kunyonyesha. Sijapona bado. Juzi mtoto alipiga chafya, nikajikuta nacheka.

Mama, mlango wa chumba cha nesi haufungi vizuri, nami nililia kwa sauti. Nikakusikia nje unamwimbia mtoto, wewe usiyejua kuimba, unapayuka mpaka mlinzi akaja kukunyamazisha. Ukamwambia asubiri wimbo uishe. Wimbo wenyewe haukuisha mpaka nilipomaliza kulia.

Mwanao